MAISHA YA HENDRIK ANTOON LORENTZ NA FUNZO LAKE KWA MWALIMU

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kueleza njia za kufundishia: namna ya kuandaa somo, namna ya kuuliza maswali, namna ya kutengeneza na kutumia zana. Safari hii tumeona vema tupitie njia nyingine. Tutasimulia maisha ya mtu mmoja, mwanafizikia wa Uholanzi aitwaye Hendrik Antoon Lorentz, aliyefariki mwaka 1928. Kila aliyesoma fizikia kwa kina amekutana na jina lake katika milinganyo. Lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa alianza kazi akiwa mwalimu wa masomo ya jioni, na kwamba hata alipokuwa mashuhuri duniani hakuacha kufundisha.

Tunayo sababu ya kumchagua. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha fizikia, tuliandika ubaoni kwamba kitu kinachokwenda kwa kasi kubwa sana hufupika kwa upande wa mwendo wake. Mwanachuo mmoja aliinua mkono akauliza ni nini kinachokifupisha. Hatukuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, tulimwambia ainakili kanuni kama ilivyo, kwani mtihani hautauliza sababu. Darasa lilicheka, naye akaketi. Wiki nyingi zilipita asiulize tena swali lolote. Makala haya ni jibu tulilopaswa kumpa siku ile.

Utoto na masomo

Lorentz alizaliwa tarehe 18 Julai, 1853, katika mji wa Arnhem. Baba yake alikuwa na shamba la kuoteshea miche. Mama yake alifariki Hendrik akiwa bado mdogo, na mwaka 1862 baba yake alioa tena.

Shule ya msingi aliyosoma ilikuwa na vipindi vya asubuhi, vya alasiri, na pia vya jioni. Vile vya jioni viliendeshwa kwa uhuru zaidi, bila kumfunga mtoto katika mwendo wa darasa zima. Matunda yake yalionekana mwaka 1866, ilipofunguliwa shule mpya ya sekondari mjini Arnhem. Hendrik alikuwa tayari kupokelewa moja kwa moja katika kidato cha tatu. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu ninyi, ndugu wanachuo, mtakwenda kufundisha shule za msingi. Mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi hasahauliki kwa nia mbaya. Husahauliwa kwa kuwa kazi yake iko chini kama msingi wa nyumba. Hata hivyo nyumba husimama juu yake.

Katika masomo yake Hendrik alipenda hisabati na fizikia, lakini hakuzidharau lugha. Alijifunza Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani kwa bidii, na tutaona baadaye jinsi lugha hizo zilivyomfaa yeye na wenziwe.

Mwaka 1870 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden, na mwaka uliofuata alipata shahada yake ya kwanza katika hisabati na fizikia. Kisha akarudi kwao Arnhem, akawa mwalimu wa masomo ya jioni. Alifundisha, na wakati huo huo alijisomea peke yake ili kuandaa shahada ya udaktari. Miongoni mwa maandishi aliyoyazamia ni yale ya James Clerk Maxwell wa Scotland, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na usumaku. Maandishi hayo yalikuwa magumu. Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 22, Lorentz alitunukiwa udaktari kwa kazi iliyoeleza jinsi nuru inavyoakisiwa na kupindwa, kwa kufuata nadharia hiyo ya Maxwell. Mwaka 1878, kabla hajatimiza miaka 25, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia ya nadharia katika chuo kile kile cha Leiden.

Swali la etha

Ili tuelewe kazi kubwa ya Lorentz, hatuna budi kuelewa swali lililowasumbua wataalamu wa wakati wake. Mawimbi ya bahari huhitaji maji. Sauti huhitaji hewa au kitu kingine cha kuibeba. Wataalamu wakafikiri kwamba nuru nayo lazima ibebwe na kitu kilichojaa angani kote, wakakiita etha. Sasa dunia yetu huzunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Ikiwa etha imetulia, basi sisi tunaipasua kama mashua inavyopasua maji, na inapaswa kuwe na namna ya kuutambua mwendo huo.

Mmarekani Albert Michelson alijaribu kuutambua mwaka 1881. Lorentz aliichunguza hesabu yake, na mwaka 1886 akaeleza kasoro iliyokuwamo. Mwaka 1887 Michelson, akishirikiana na Edward Morley, alilirudia jaribio hilo kwa makini zaidi mjini Cleveland, Marekani. Aliugawa mwonzi mmoja wa nuru uwe miwili. Mmoja ulikwenda na kurudi sambamba na mwendo wa dunia. Wa pili ulikwenda na kurudi kwa kuukingama mwendo huo. Kisha alitazama kama miwili hiyo ilirudi pamoja.

Mfano wa mtoni utatusaidia, na unaweza kutumiwa hata katika hesabu za darasa la saba. Tuchukue mashua mbili, kila moja ikienda kilomita 5 kwa saa katika maji yaliyotulia, na mto unaotiririka kilomita 3 kwa saa. Mashua ya kwanza inapanda mto mita 800, kisha inarudi. Wakati wa kupanda, kasi yake kwa mtu aliyesimama ukingoni ni kilomita 2 kwa saa, nayo hutumia dakika 24. Wakati wa kushuka kasi ni kilomita 8 kwa saa, nayo hutumia dakika 6. Jumla ni dakika 30. Mashua ya pili inavuka mto wenye upana wa mita 800 na kurudi pale pale ilipoanzia. Lazima ielekezwe upande kidogo ili isichukuliwe na maji. Kwa hiyo kasi yake ya kuvuka ni kilomita 4 kwa saa, kama ile pembetatu ya 3, 4 na 5 inavyotuonyesha. Itatumia dakika 12 kwenda na dakika 12 kurudi, jumla dakika 24. Mashua zilianza pamoja, lakini ile iliyovuka imetangulia kurudi.

Michelson na Morley walitazamia kuona tofauti ya namna hiyo kati ya mionzi miwili ya nuru. Tofauti waliyoitazamia hawakuiona. Ilikuwa kana kwamba mto haupo.

Rula inayofupika

Mwaka 1892 Lorentz alitoa wazo lililowashangaza wengi. Alisema kwamba huenda mkono wa chombo ulioelekea upande wa mwendo hufupika kwa kiasi kile kile kinachohitajika ili mionzi irudi pamoja. Katika mfano wetu, tukiifupisha njia ya kupanda mto kutoka mita 800 hadi mita 640, mashua ya kwanza itatumia dakika 19.2 kupanda na dakika 4.8 kushuka, jumla dakika 24. Mashua zote mbili zitarudi pamoja. Mita 640 ni sehemu nne kwa tano za mita 800. Hicho ndicho kiasi cha kufupika kwa kitu kinachokwenda kwa kasi iliyo sehemu tatu kwa tano za kasi ya nuru.

George FitzGerald wa Dublin alikuwa amelichapisha wazo kama hilo mwaka 1889 katika barua fupi, bila Lorentz kufahamu. Lorentz alipopata habari alimwandikia FitzGerald, na tangu hapo akawa anamtaja katika maandishi yake. Hakutaka kuchukua sifa isiyokuwa yake peke yake.

Je, wazo hilo lilikuwa hila tu ya kuokoa hesabu? Lorentz hakuridhika kuliacha liwe hila. Alifikiri hivi: kitu kigumu, kama rula, hushikiliwa na kani zilizopo kati ya chembe zake. Milinganyo ya Maxwell inaonyesha kwamba chaji ya umeme ikienda kwa kasi, uga wake wa umeme hubadilika umbo. Hubanwa kwa upande wa mwendo, kama chungwa lililobonyezwa kidogo. Kama kani za chembe za rula zinafuata desturi ile ile ya kani za umeme, basi chembe hizo haziwezi kubaki katika nafasi zao za awali rula inapokwenda. Zitajipanga upya, zikikaribiana zaidi kwa upande wa mwendo, mpaka kani zilingane tena.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la mwanachuo wetu. Hakuna mkono wa nje unaoikandamiza rula. Ni kani za ndani ya rula yenyewe zinazotafuta ulinganifu mpya.

Kiasi cha kufupika ni kidogo mno kwa miendo tuliyoizoea. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, rula ya mita moja hufupika kwa sehemu 5 tu kwa milioni za milimita moja. Dunia nzima, yenye kipenyo cha kilomita 12,742, hufupika kwa sentimita 6 hivi. Tena, mtu anayesafiri pamoja na rula hawezi kuligundua jambo hilo kwa kupima, kwa sababu kila kifaa alicho nacho nacho kimefupika vivyo hivyo.

Lorentz aliiendeleza kazi hiyo mwaka 1895 na mwaka 1899, na mwaka 1904 aliikaribia sana sura yake kamili. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Poincaré aliipa milinganyo hiyo jina la Lorentz. Ndani ya milinganyo mlikuwa na saa ya pekee iliyotofautiana mahali hata mahali. Lorentz aliiona kuwa chombo cha kurahisisha hesabu, si saa ya kweli. Hapo, kama tutakavyoona, palikuwa na pengo.

Wakati huo alikuwa amekwisha kupata sifa kwa kazi nyingine. Mwaka 1896 Pieter Zeeman, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, aligundua kwamba sumaku hubadilisha mistari ya nuru itokayo katika mwali wa moto. Lorentz alieleza sababu yake kwa nadharia ya elektroni. Mwaka 1902 wawili hao walitunukiwa pamoja Nishani ya Nobel ya fizikia.

Mwalimu anayekubali kusahihishwa

Mwaka 1905 kijana wa miaka 26, Albert Einstein, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, alichapisha makala iliyofika kwenye milinganyo ile ile kwa njia nyingine. Hakuanza na chembe wala kani. Alianza na kanuni mbili: kwamba sheria za fizikia ni zile zile kwa wote wanaokwenda kwa mwendo sawia, na kwamba kasi ya nuru ni moja kwa wote hao. Etha haikuhitajika. Na ile saa ambayo Lorentz aliiona kuwa chombo cha hesabu tu, Einstein aliona kuwa ndiyo saa halisi kwa yule anayesafiri.

Jambo hili linahitaji mfano. Tuseme tunataka kupima urefu wa basi linalokwenda, kwa kuweka alama barabarani penye ncha yake ya mbele na penye ncha yake ya nyuma. Alama hizo lazima ziwekwe kwa wakati mmoja. Tukiweka ya mbele sasa na ya nyuma baadaye kidogo, tutapata basi fupi kuliko lilivyo. Einstein alionyesha kwamba watu wawili wanaokwenda kwa miendo tofauti hawakubaliani juu ya lipi na lipi yametukia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila mmoja humwona mwenziwe kuwa ndiye mwenye rula iliyofupika, na hakuna anayekosea.

Lorentz angeweza kukasirika. Alikuwa profesa mwenye umri wa miaka 52 na Nishani ya Nobel. Yule alikuwa karani asiyejulikana. Hakukasirika. Mwaka 1906 vipimo vya Walter Kaufmann juu ya elektroni ziendazo kasi vilionekana kuipinga nadharia yake, naye akawa tayari kuiacha kama ukweli ungetaka hivyo. Ni vipimo vya miaka iliyofuata vilivyoonyesha kwamba nadharia ilikuwa sahihi. Aliifundisha kazi ya Einstein kwa wanafunzi wake wa Leiden kwa haki na kwa ufasaha, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kuipenda etha. Na katika toleo la mwaka 1915 la kitabu chake juu ya elektroni aliongeza maelezo ya kukiri waziwazi kwamba alishindwa kufika alikofika Einstein kwa sababu aling'ang'ania wazo la kuwa saa ya kweli ni moja tu. Einstein naye alimheshimu kama mtoto anavyomheshimu mzazi.

Mwaka 1912 Lorentz alimwachia Paul Ehrenfest nafasi yake ya Leiden, akahamia Haarlem. Ehrenfest ndiye aliyeuliza mwaka 1909 swali gumu juu ya gurudumu linalozunguka: ukingo wake unaenda kwa upande wa mwendo na unapaswa kufupika, lakini nusu kipenyo imekingama mwendo na haifupiki, gurudumu litakuwaje? Lakini hata baada ya kuhama, Lorentz aliendelea kwenda Leiden kila Jumatatu asubuhi kutoa mhadhara. Wataalamu wenye majina makubwa waliketi mle kama wanafunzi.

Hesabu za bahari

Tangu mwaka 1911 hadi mwaka 1927 Lorentz aliongoza mikutano ya wanafizikia iliyofanyika Brussels na kuitwa kwa jina la Solvay. Huko lugha zake zilikuwa daraja: Mfaransa, Mjerumani na Mwingereza walielewana kwa kupitia kwake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alijitahidi kuwapatanisha wataalamu ambao nchi zao zilikuwa zimepigana.

Mwaka 1918 serikali ya Uholanzi ilimpa kazi ya namna nyingine kabisa. Nchi hiyo ilikusudia kuiziba ghuba ya Zuiderzee kwa ukuta wa urefu wa kilomita 32 hivi, ikikumbuka mafuriko ya mwaka 1916. Swali lilikuwa hili: maji yakizuiwa hapo, mawimbi ya dhoruba yatapanda kiasi gani katika pwani nyingine? Kosa katika hesabu lingegharimu maisha ya watu. Lorentz aliongoza tume kwa miaka minane, akafanya sehemu kubwa ya hesabu kwa mkono wake. Taarifa ilitolewa mwaka 1926. Ukuta ulikamilika mwaka 1932, na makadirio yake yakaonekana kuwa karibu sana na yaliyotokea.

Yeye hakuuona ukuta huo ukikamilika. Alifariki mjini Haarlem tarehe 4 Februari, 1928. Siku ya mazishi, ilipotimia saa sita mchana, huduma za simu za serikali zilisimamishwa nchini kote kwa dakika tatu ili kumpa heshima.

Uzi kati ya roketi mbili

Mwaka ule ule wa 1928, huko Belfast, alizaliwa John Stewart Bell, ambaye baadaye alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Mwaka 1976 Bell alichapisha makala kuhusu namna ya kufundisha nadharia ya uhusianifu. Alishauri kwamba pamoja na njia ya Einstein, mwanafunzi apewe pia njia ya Lorentz, inayoanza na sheria za kani alizokwisha kujifunza. Kwa hoja yake alitumia swali ambalo Wamarekani wawili, Dewan na Beran, walikuwa wamelitoa mwaka 1959.

Swali ni hili. Roketi mbili zimetulia angani, moja nyuma ya nyingine, umbali wa mita 100. Kati yake umefungwa uzi mwembamba wa pamba, umenyooka bila kulegea. Kwa ishara moja roketi zote mbili zinaanza kwenda kwa mchapuko ulio sawa kabisa, kama anavyoona mtazamaji aliyebaki pale zilipoanzia. Uzi ni dhaifu mno kuweza kuzivuta roketi. Je, uzi utakatika au hautakatika?

Bell alisimulia kwamba alipowauliza wataalamu wenziwe, wengi walijibu kwanza kuwa hautakatika. Walikosea. Tufuate hatua kwa hatua. Kwa mtazamaji wetu, roketi zina mwendo ulio sawa katika kila nukta ya wakati. Kwa hiyo umbali kati yake unabaki mita 100. Lakini uzi ni kitu, na kitu kinachokwenda hutaka kufupika. Kasi ikifika sehemu tatu kwa tano za kasi ya nuru, uzi ulioachwa huru ungekuwa na mita 80 tu. Roketi hazimruhusu. Kwa hiyo uzi unavutwa zaidi na zaidi hadi unakatika.

Abiria wa roketi wanaelezaje? Kwao uzi una kila haki ya kuwa na mita 100. Lakini wakati wao si wakati wa mtazamaji. Wanaona kwamba roketi ya mbele hutangulia kuongeza kasi kuliko ya nyuma, na hivyo inazidi kujitenga. Injini zikizimwa katika kasi tuliyoitaja, wakipima umbali watapata mita 125, na uzi wa pamba wa mita 100 hauwezi kunyooshwa kiasi hicho. Maelezo ni mawili, tukio ni moja: uzi umekatika. Ili uzi usikatike, ingelazimu roketi ya nyuma iwe na mchapuko mkubwa kuliko wa mbele.

Mwalimu anaweza kuanza na kitu ambacho watoto wamekiona. Kamba ya katani iliyofungwa kati ya miti miwili ikinyeshewa na mvua hunywea na kukaza, kwa kuwa miti haisogei. Kamba nzee huweza hata kukatika. Hata hivyo tuwakumbushe wanafunzi kwamba mfano una mpaka wake: kamba hunyweshwa na maji, na kila mtu huliona jambo hilo kwa namna moja, uzi wa roketi hufupishwa na mwendo, na kufupika huko hutegemea anayepima. Mfano ni ngazi. Mtu akishapanda haibebi kichwani.

Mafunzo kwa mwalimu

Kwanza, Lorentz alipata nafasi ya kwenda kwa mwendo wake mwenyewe akiwa shule ya msingi. Katika kila darasa mtakalofundisha, tengeni walau muda mfupi ambao mtoto hafungwi na mwendo wa wenziwe.

Pili, njia za kufikia ukweli zaweza kuwa zaidi ya moja. Njia ya Einstein ni fupi na safi. Ya Lorentz ni ndefu, lakini inapita katika nchi ambayo mwanafunzi anaijua. Wapo wanaoelewa kwa kanuni, na wapo wasioelewa mpaka waoneshwe kani ilipo. Mwalimu mwenye njia moja tu hufundisha nusu ya darasa.

Tatu, mwalimu anayekiri kosa hapungui. Lorentz alikiri lake katika kitabu, mbele ya dunia nzima, na heshima yake ikazidi.

Funzo hili la tatu lilituchoma sisi wenyewe. Baada ya kuisoma habari ya Lorentz na ile ya uzi, tulirudi darasani kabla muhula haujaisha. Tuliwaambia wanachuo kwamba siku ile hatukujua jibu, na kwamba tulikosea kumnyamazisha mwenzao. Kisha tukachora roketi mbili ubaoni, tukaeleza kama tulivyoeleza hapa. Darasa lilikuwa kimya. Mwishoni yule mwanachuo aliinua mkono. Aliuliza: ikiwa uzi unakatika, kwa nini roketi yenyewe haikatiki katikati, maana nayo ni ndefu?

Tulifikiri pamoja. Roketi moja ina injini moja, na sehemu zake zimeshikamana. Mchapuko ukiwa wa taratibu, sehemu hizo huvutana na kusukumana mpaka zinapata ulinganifu wake, na roketi inafupika bila kuumia. Uzi hauna bahati hiyo, kwa sababu ncha zake zinavutwa na injini mbili zisizosubiriana. Jibu hilo halikutoka kwetu peke yetu. Nusu yake waliitoa wanachuo. Kipindi kilikwisha kengele ikiwa imekwisha kulia, na hakuna aliyekuwa ameinuka.

Maswali ya kujadiliwa

1. Rudia hesabu ya mashua mbili kwa mto unaotiririka kilomita 4 kwa saa. Njia ya kupanda ifupishwe hadi mita ngapi ili mashua zirudi pamoja?

2. Eleza tofauti kati ya rula inayokwenda kwa mwendo sawia na uzi uliofungwa kati ya roketi mbili zenye mchapuko.

3. Mtoto wa darasa la sita anakuuliza swali usilolijua mbele ya wenziwe. Andika utakayomwambia siku hiyo, na utakayofanya siku inayofuata.